Nifungie, Nipeleke Nyumbani

Ninyi mlio nyumbani mkibandika sufuria ya jioni, ninyi mlio njiani mkirudi kutoka kazini, nanyi mlio wagonjwa vitandani, karibuni tutafakari pamoja kwa muda mfupi. Somo letu la leo latoka katika Injili ya Yohana, mlango wa nne, tangu mwanzo hadi mstari wa arobaini na mbili. Mwenye Biblia karibu naye na aifungue. Asiye nayo asikilize tu, maana habari yenyewe yajulikana na wengi: ni habari ya Bwana Yesu na mwanamke Msamaria kisimani.

Mara nyingi tusomapo fungu hili twamtazama yule mwanamke, twautazama mtungi wake, tena twayatazama maji ya uzima. Leo twataka kutazama jambo dogo ambalo wengi hulipita. Wanafunzi walikuwa wapi wakati Bwana wao alipokuwa akizungumza pale kisimani? Mstari wa nane watueleza. Hawakuwapo. Walimwacha amepumzika kwa uchovu wa safari, nao wakaingia mji wa Sikari kutafuta chakula cha kununua. Kisha wakarudi nacho, wakamsihi ale.

Katika mji wetu wa Eldoret tendo hilo twalijua sana. Saa kumi na mbili jioni, watu wanapotoka kazini na kuelekea magari ya kwao, simama karibu na hoteli yo yote kando ya Uganda Road ama Kenyatta Street, usikilize neno moja likirudiwa na kila mtu: "Nifungie." Huyu asema, nifungie chipsi na kuku. Yule asema, nifungie chapati nne na maharagwe. Mwingine ataka samaki, mwingine pilau, mwingine nyama ya kuchoma iliyokatwakatwa na kachumbari kando. Zamani vilitiwa katika mifuko ya plastiki. Tangu 28 Agosti 2017, mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini Kenya, twapewa mifuko ya kaki, nayo mafuta hupenya upesi, hata abiria mwenzako ndani ya matatu ajua umebeba nini. Ndivyo chakula kisafirivyo hadi Langas, Huruma, Kapsoya, Kimumu na Maili Nne. Na asiyetaka kutoka nyumbani hupiga simu tu, akalipa kwa simu hiyohiyo, na kijana wa bodaboda akamletea mlangoni.

Wazee wetu wakiona haya hutikisa kichwa. Wao walizoea mji mdogo, mji ulioanza katika shamba namba 64, na hata leo wako watu wauitao kwa namba hiyo. Sasa ni jiji, tangu 15 Agosti 2024. Wazee wakumbuka nyumba ambazo moto haukuzimika, na mursik iliyohifadhiwa katika kibuyu kilichopakwa makaa ya mti wa senetwet, ikingoja mgeni ambaye hakuna aliyejua atakuja siku gani. Basi waonapo mtu amebeba chakula cha hoteli kupeleka kwake, wengine husema, "Nyumba imekufa. Mwanamke wa siku hizi ni mvivu, hataki kupika."

Ndugu wapenzi, je, ni kweli? Je, ni dhambi kununua chakula kilichopikwa na mtu mwingine, ukaenda nacho nyumbani?

Tutazame kwanza ni nani anunuaye. Ni kijana apangaye chumba kimoja, kitanda upande huu na jiko upande ule, naye hutoka alfajiri na kurudi gizani. Ni mama aliyesimama sokoni mchana kutwa. Ni muuguzi aliyemaliza zamu ya usiku. Ni mwanafunzi wa chuo. Ni dereva wa lori aelekeaye Malaba. Tena ni ndugu aliyetoka mbali, kutoka Turkana au Pokot, anayeuguza mtoto wake katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, naye hana jiko, hana sufuria, hana jamaa katika mji huu. Je, tumwambie huyo kwamba amekosa kwa sababu amenunua wali na maharagwe akampelekea mtoto? Hasha.

Wala si jambo la siku hizi. Mwaka 79 baada ya Kristo mlima Vesuvius ulilipuka huko Italia ukaufukia mji wa Pompeii. Wachimbaji wamekuta humo vibanda vingi vya kuuzia chakula cha moto, vyenye meza za mawe na mitungi mikubwa iliyojengewa ndani yake. Kimoja walichokitangaza Desemba 2020 kilikuwa bado na picha za bata na jogoo zilizochorwa kwa rangi, na mabaki ya chakula yangali ndani ya mitungi. Katika miji ya Warumi maskini wengi walikaa katika vyumba visivyo na jiko, nao walinunua chakula barabarani kama sisi. Hao ndio watu wa nyakati za mitume. Na wanafunzi wa Bwana walipokwenda Sikari kununua, hatusomi mahali po pote kwamba Bwana aliwakemea.

Basi tusiwahukumu akina mama zetu kwa mfuko wa kaki. Mwanamke aliyefanya kazi tangu asubuhi sawa na mume wake, kisha akafika nyumbani amechoka, akitulizwa kwa chapati mbili zilizopikwa na mkono mwingine, huo ni msaada, si uvivu. Na yule aliyezipika ni mama vilevile. Amesimama mbele ya moto tangu saa kumi na moja alfajiri, na fedha tumpazo ndizo karo ya watoto wake. Tumlipe bila kumsumbua. Na kijana wa bodaboda aliyenyeshewa akituletea chakula, tusimpunje nauli yake huku tukimwimbia Mungu Jumapili.

Kununua si kosa. Lakini tukiisoma tena habari ya Sikari, twaona kwamba Neno la Mungu latuuliza maswali mengine, mazito kuliko hilo. Tuyatazame matatu.

Swali la kwanza ni hili: Ulipomwambia mwenye hoteli "nifungie," ulikuwa ukiwafungia akina nani?

Tutakumbuka mambo yaliyotupata 2020. Tarehe 22 Machi mwaka huo, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba hoteli zisikalishe watu tena mezani. Ziuze chakula cha kubeba tu. Mabaa yakafungwa. Siku zizo hizo ibada za mkusanyiko zilisimamishwa, na tangu 27 Machi amri ya kutotoka nje ikawa inaanza saa moja jioni. Viti vya hoteli vilipinduliwa juu ya meza, na mabenchi ya makanisa yakakaa matupu. Wapishi na wahudumu wengi walipoteza kazi, na nyumba nyingi zikaingia dhiki. Hatusemi ulikuwa wakati mwema. Lakini jambo moja lilidhihirika. Chakula cha mjini na ibada ya kanisani, vyote viwili vilirudishwa nyumbani kwa lazima.

Hapo nyumba nyingi zilijipima. Maana kuna baba wengi, nao twawajua, ambao kwa miaka walikula nyama mjini pamoja na rafiki zao, wakafika nyumbani saa nne usiku wakikuta ugali na sukuma wiki umefunikwa, wakasema, "Mimi nimeshiba." Mkewe asikia harufu ya moshi wa nyama katika koti. Mtoto naye asikia. Mtoto hasemi neno, lakini akumbuka. Katika miezi ile baba hakuwa na meza ya kukalia mjini. Ikiwa ataka nyama, sharti afungiwe. Na akifungiwa, sharti aifungue mbele ya watoto wake. Basi kuna nyumba ambazo nyama iliyozoea kuliwa mjini iliingia mlangoni kwa mara ya kwanza. Je, ilikuwa lazima ugonjwa uje ndipo jambo hilo litendeke?

Ndugu baba mwenye nyumba, hesabu ni rahisi. Fedha zinazonunua sahani moja ya kuku na chipsi kwa mtu mmoja, mara nyingi zatosha kununua maharagwe na chapati za nyumba nzima. Kama zipo za kuku kwa wote, Mungu asifiwe, tuleni kuku. Kama hazipo, afadhali maharagwe yaliyoliwa na wote kuliko kuku aliyeliwa na mmoja katika kona.

Katika mji huu tumeonyeshwa mfano mwema wa jambo hili. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi, pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, vilianzisha mpango uitwao AMPATH ili kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI. Muda si muda madaktari waliona kwamba dawa haimfai sana mtu mwenye njaa. Basi wakaanza kulima mashamba, na wagonjwa waliokosa chakula wakapewa chakula cha kwenda nacho nyumbani pamoja na dawa zao. Na tazama hekima yao: hawakumhesabu mgonjwa peke yake, bali waliwahesabu na wale wanaomtegemea. Kwa nini? Kwa maana mama hawezi kula peke yake mbele ya watoto wenye njaa. Ukimpa chakula cha mtu mmoja, atawagawia wote, naye atabaki mgonjwa. Ukitaka kumponya mama, lisha nyumba yake. Ikiwa madaktari waliweza kupima chakula kwa hesabu ya nyumba nzima, je, sisi tuliopewa nyumba hizo na Mungu?

Swali la pili: Chakula kimefika nyumbani. Je, mwangojana?

Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa kumi na moja, alisikia habari mbaya juu ya kanisa lile. Walikuwa wakikutana katika nyumba ya mmoja wao kula pamoja chakula cha Bwana. Lakini kila mmoja alitangulia kula alichokuja nacho. Wafafanuzi wengi wa Maandiko huona kwamba matajiri, wasio na kazi ya kuwachelewesha, walifika mapema, na watumwa na vibarua walifika jioni wamechoka wakakuta vyombo vitupu. Huyu ameshiba na kulewa, yule ana njaa, nao wote wako nyumba moja. Paulo hakuwapa dawa ngumu. Aliwaagiza wasubiriane, basi.

Hebu tuitazame nyumba moja ya leo. Tuseme baba amefika na mfuko wake saa mbili, akala akitazama habari. Kijana ameagiza chakula chake kwa simu, akakipokea mlangoni, akaingia nacho chumbani. Binti amekula smokie na yai kituoni, hana njaa. Mama aliyechelewa kazini afika saa tatu, akuta makaratasi yenye mafuta juu ya meza. Watu wanne, mifuko minne, saa nne mbalimbali. Hakuna aliyelala njaa. Lakini hakuna aliyeomba kwa sauti, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Wapenzi wasikilizaji, hapo ndipo hatari ilipo. Maana mambo makubwa ya nyumba hayatangazwi, hujulikana mezani. Mezani ndipo mama amwonapo mtoto anayechezea chakula, akajua kuna neno. Mezani ndipo ijulikanapo kwamba kijana alirudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo, naye kwa siku tatu amekuwa akizunguka mjini kwa aibu. Mezani ndipo mke aonapo kwamba mume wake amepoteza kazi, kabla hajathubutu kusema. Tukiondoa meza, kila mtu hubeba mzigo wake chumbani peke yake, na mlango ukafungwa. Kisha siku moja twapata habari ya kutisha, twasema, "Lakini tulikuwa tukiishi naye nyumba moja!" Ndiyo, tuliishi naye. Je, tulikula naye?

Basi tufanyeje? Twatoa shauri lililo jepesi. Mfuko ukiingia nyumbani, usiliwe kutoka ndani ya mfuko. Toeni sahani. Kimimine chakula katika sinia, hata kama ni chipsi, kiwekwe katikati. Televisheni izimwe, simu ziwekwe kando. Anayechelewa angojwe, na kama atachelewa mno, awekewe fungu lake, lifunikwe, na mtu mmoja abaki macho ili asile peke yake. Mdogo kuliko wote aombe. Kisha kila mmoja aulizwe siku yake ilikuwaje. Mambo hayo hayagharimu shilingi. Chakula kimepikwa na hoteli, lakini meza imeandikwa na nyumba, na hiyo kazi ya kuandika meza haiuzwi kwa mtu ye yote.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo laturudisha Sikari.

Yatupasa kukumbuka mji ule ulikuwa mji wa nani. Ulikuwa mji wa Wasamaria. Yohana atueleza waziwazi kwamba Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana, hata mwanamke yule alishangaa Myahudi alipomwomba maji. Sasa angalieni jambo la ajabu. Wanafunzi waliingia katika mji huo huo, wakanunua chakula kwa Wasamaria, wakalipa, wakaondoka. Fedha ilivuka mpaka bila shida. Lakini walipofika kisimani wakamkuta Bwana wao anazungumza na mwanamke Msamaria, walistaajabu. Kununua kwake, sawa. Kuzungumza naye, hapana.

Je, hatujioni hapo? Hoteli za Eldoret hazina kabila moja. Huyu apikaye ugali na samaki ni Mjaluo, huyu wa pilau ni Msomali, huyu wa kuku ni Mluhya, huyu wa githeri ni Mkikuyu, huyu wa nyama ni Mkalenjin, na ndizi zimeletwa na Mkisii. Sisi sote twanunua kwao wote. Tumbo halina ukabila. Twaomba tuongezewe mchuzi, twacheka pamoja, twafunga mfuko. Lakini tukifika nyumbani twafunga mlango, na jirani wa kabila lingine, ambaye chakula cha kwao ndicho kilicho mkononi mwetu, hajawahi kukaribishwa ndani hata mara moja.

Sisi watu wa mji huu twajua jambo hilo laweza kuleta nini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliokuwa wakiuziana maziwa na mboga kwa miaka mingi walifukuzana. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji wetu, lilichomwa moto, na ndani yake walikuwamo wanawake na watoto waliokimbilia humo kutafuta usalama. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ulijaa maelfu ya watu walioacha nyumba zao. Biashara ilikuwako kabla ya siku zile. Tulikuwa tumenunua na kuuziana sana. Kununua hakukutuokoa. Mtu aweza kula chakula cha mkono wako miaka kumi, naye asikujue, kwa sababu hakuketi nawe.

Bwana Yesu alifanya namna gani? Wanafunzi walimsihi ale, naye akawaambia anacho chakula kingine, nacho ni kuitimiza kazi ya Baba. Wakati huo mwanamke alikuwa ameuacha mtungi wake na kwenda mjini. Fikirini vema, ndugu zetu. Wanafunzi waliingia Sikari wakarudi na chakula. Mwanamke aliingia Sikari iyo hiyo akarudi na watu. Na mwisho wa habari ni kwamba Wasamaria walimwomba Bwana akae kwao, naye akakaa siku mbili. Siku mbili hazipiti bila kula. Basi Myahudi yule aliketi nyumbani mwa Wasamaria, na wanafunzi wake pamoja naye, wakala kilichopikwa na wenyeji wao, safari hii bila kulipa. Walianza kama wanunuzi, wakaishia kuwa wageni.

Hiyo ndiyo njia tunayoitiwa. Watu walipokusanyika Yerusalemu wakasomewa sheria, wakalia, Nehemia aliwaambia waende wakale na kunywa vizuri, ila wasimsahau mtu ambaye kwake hakuna kilichoandaliwa. Wampelekee fungu lake. Jambo hilo mtalikuta katika mlango wa nane wa kitabu chake. Tazameni kwamba hakusema wampelekee mtu wa ukoo wao. Alisema asiye na kitu. Nasi katika ploti zetu, milango kumi yakitazamana, asiye na kitu twamjua. Ni bibi mzee wa chumba cha mwisho ambaye jiko lake halijatoa moshi leo. Ni kijana mgeni aliyekuja kutafuta kazi ya mjengo. Ni mama aliye na mtoto mchanga, mume hayupo. Harufu ya kuku wetu imepita mbele ya mlango wake. Je, harufu ipite peke yake?

Wahenga wetu walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hatuwaambii mnunue karamu. Wakati mwenye hoteli anapofunga chapati nne, mwambie afunge tano. Hiyo ya tano usimkabidhi mtu mlangoni kama mtu atoaye sadaka kwa haraka, ukarudi zako. Mwite aingie, aketi, ale pamoja nanyi. Tena chagua jirani ambaye lugha ya mama yake si ya mama yako. Usiwe na hofu kwamba nyumba ni ndogo au kwamba hukupika mwenyewe. Bwana wetu alikuwa mgeni wa watu wengi, na hatusomi kwamba aliwahi kuuliza ni nani aliyepika.

Wapenzi wasikilizaji, wiki hii wengi wetu tutasimama tena mbele ya dirisha la hoteli tukasema, "Nifungie." Tusione haya. Tumshukuru Mungu kwa mkono uliopika na kwa fedha zilizonunua. Lakini tujiulize kabla ya kulipa: Nawafungia akina nani? Watakaa pamoja kula? Na ni nani aliye nje ya mlango wangu, ambaye nyumbani kwake hakuna kilichoandaliwa? Tukijibu vema maswali hayo matatu, mfuko ule mdogo wenye mafuta utafanya kazi kubwa katika nyumba zetu na katika mji wetu.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twakushukuru kwa chakula, kilichopikwa na mikono yetu na kilichopikwa na mikono ya wengine. Wabariki wapishi wa mji huu, na wahudumu, na vijana waendao barabarani usiku wakitupelekea chakula. Walinde na ajali. Wakumbuke watoto wao wanaowangoja. Utusamehe kwa kula peke yetu wakati wenzetu wangoja. Rudisha meza katika nyumba ambazo kila mtu ala kivyake, na umfunulie mzazi mzigo aubebao mtoto wake kimya. Wafariji wote wanaouguza wagonjwa mbali na kwao, na wote ambao tangu 2008 wabeba huzuni isiyosahaulika. Tufundishe kuketi na wale tunaonunua kwao, hata tusiogopane tena. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, aliyekubali kuwa mgeni mezani petu. Amina.